MOYO ULIOACHWA MKUYUNI: JUU YA KUYASOMA MAANDIKO YA KIBUDHA

1. Utangulizi

Mchungaji au mwinjilisti anayehudumu Nachingwea au Ruangwa ana haki ya kuuliza: Maandiko ya Kibudha yananihusu nini? Katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi jirani wa Mkristo ni Mwislamu, na mara nyingi jirani huyo ni ndugu yake wa damu. Walutheri ni wachache kati ya Waanglikana wa Dayosisi ya Masasi na Wakatoliki wa Jimbo la Lindi, ambalo lilipoundwa mwaka 1963 liliitwa Jimbo la Nachingwea, nalo likabaki na jina hilo hadi 1986. Mbudha si mtu wa kukutana naye mnadani wala katika mashamba ya korosho. Kwa hiyo Ubudha, ufikapo zamu yake katika somo la dini za ulimwengu, husomwa kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani husahauliwa.

Katika makala hii twakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba sehemu moja ya urithi uliohifadhiwa katika maandiko ya Kibudha imekuwamo ndani ya Kiswahili kwa muda mrefu, tena iliandikwa na mmisionari yule yule aliyeifungulia Injili njia katika nchi ya kusini. La pili ni kwamba namna tunavyoyasoma maandiko ya mtu tusiyemwona hutufunulia namna tunavyoyasoma ya jirani tunayemwona kila siku. Asiyeweza kumtendea haki Mbudha aliye mbali, ambaye hana ugomvi naye, hatamtendea haki Mwislamu aliye karibu, ambaye pengine ana ugomvi naye.

Hatutaeleza Ubudha wote. Tutachukua hadithi moja tu, tuisome mara mbili, kwanza kama ilivyo katika Kiswahili, kisha kama ilivyo katika maandiko ya Kibudha, na tuulize ni kitu gani kinachobadilika.

2. Kima na papa

Mwaka 1870 Edward Steere, kasisi wa UMCA, alichapisha huko London kitabu kiitwacho Swahili Tales, ambacho ni mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa Unguja. Miaka sita baadaye, mwaka 1876, akiwa sasa askofu, aliongoza kundi la watumwa waliowekwa huru kutoka Unguja mpaka Masasi, na tangu hapo kazi ya Kianglikana ikaenea miongoni mwa Wayao, Wamakua na Wamwera. Ndiye aliyejenga Kanisa Kuu la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, na ndiye aliyeifanya sehemu kubwa ya kazi ya kulitafsiri Agano Jipya katika Kiswahili cha Unguja. Mkono ulioliandika neno «moyo» katika Injili ndio ulioliandika pia katika Kisa cha Punda wa Dobi, mojawapo ya hadithi za kitabu hicho cha 1870.

Kwa ufupi kisa ni hiki. Kima alikaa katika mkuyu mkubwa uliomea ukingoni mwa bahari, nusu ya matawi juu ya maji. Papa alikuja chini yake kila siku, na kima akamtupia kuyu. Urafiki ulipokomaa, papa alimwalika rafiki yake aende kwao ili naye alipwe wema wake, na kima akakubali kupanda mgongoni. Walipofika katikati ya bahari papa alimwambia kweli: sultani wao ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba ni hasara hakuambiwa mapema, maana makima wanaposafiri huiacha mioyo yao mitini; basi na warudi wakauchukue. Papa akamrudisha. Kima alipokwisha kupanda juu hakushuka tena, na papa alipomwita akamsimulia kisa cha pili, cha punda wa dobi.

Punda huyo alimtoroka bwana wake, akaingia mwituni na kunenepa. Sungura akamrubuni kwa habari za ndoa, akampeleka kwa simba. Simba akamrukia, punda akapiga mateke na kuponyoka. Sungura akamwendea tena kwa maneno matamu, na punda akarudi. Mara hii aliuawa. Simba alitaka apewe moyo na masikio, lakini sungura alikwisha kuvila, na alipoulizwa alijibu kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, kwa maana angalikuwa navyo asingalirudi mara ya pili. Nami, kima akamwambia papa, sitakuwa punda wa dobi.

Hadithi hii imesafiri mbali. Umbo lake, yaani kisa cha punda ndani ya kisa cha kima, ndilo umbo la kitabu cha nne cha Panchatantra ya Wahindi. Panchatantra ilitafsiriwa katika Kiajemi cha kale katika karne ya 6, na kutoka humo Ibn al-Muqaffa akaitafsiri kwa Kiarabu katika karne ya 8 kwa jina la Kalila wa Dimna. Humo adui wa kima ni kobe. Katika Panchatantra ni mamba. Katika Kiswahili cha pwani, ambako watu huishi kwa bahari, amekuwa papa. Kima, moyo na mti havikubadilika.

Hadithi hiyo hiyo, bila kisa cha punda, imo pia katika Jataka, ambazo ni sehemu ya maandiko ya Wabudha wa mapokeo ya Theravada. Katika hesabu yao ya Jataka 547, hii ni ya 208, nayo yaitwa Jataka ya Mamba. Mti wa kima, hata katika Kipali, ni wa jamaa ya mkuyu.

3. Hadithi inapokuwa andiko

Msomaji aliyekwisha kuijua hadithi ya papa ataona kwamba Jataka ya 208 ni fupi, na kwa uzuri wa usimulizi imepungukiwa. Kima aishi kando ya mto Ganga. Mke wa mamba amemtamani moyo wake, na mamba anamvuta kima kwa ahadi ya matunda matamu ya ng'ambo. Hakuna urafiki wa siku nyingi wala kuyu zilizotupwa kwa ukarimu. Hatusiti kusema kwamba msimulizi wa Kiswahili amefanya kazi bora zaidi katika jambo hili. Kwake dhambi ya papa ni usaliti, dhambi ya mtu anayeinua kisigino dhidi ya aliyemlisha, ambayo Mzaburi aliililia na ambayo Yohana aliikumbuka katika karamu ya mwisho. Tena papa si mwovu tu, bali ni mtumishi anayetii amri ya sultani wake, nasi twajua ni maovu mangapi yametendwa kwa kisingizio hicho. Katika Jataka kinachowaponza wanyama wote ni tamaa: tamaa ya mke wa mamba, na tamaa ya kima mwenyewe aliyeuacha mkuyu wake kwa kufuata maembe, mafenesi na zambarau za ng'ambo.

Hata hivyo Jataka ina kitu ambacho hadithi ya Unguja haina, nacho ni fremu. Kila Jataka ina sehemu zake. Kwanza huja habari ya wakati wa Budha mwenyewe; kisha habari ya kale; kisha beti; kisha maelezo ya maneno ya beti hizo; na mwisho ufunguo, ambamo Budha anawatambulisha wahusika. Katika Jataka ya 208 habari ya kwanza ni kwamba Budha, akikaa Jetavana, anapata habari kuwa Devadatta, jamaa yake na mtawa aliyejitenga naye, anataka kumwua. Yeye anasema kwamba si mara ya kwanza. Ndipo anaposimulia habari ya kale. Mwishoni anafungua: mamba alikuwa Devadatta, mke wa mamba alikuwa Cinca, na kima alikuwa yeye mwenyewe, katika maisha aliyokuwa bado Bodhisatta, yaani aliye njiani kuelekea kuwa Budha.

Fremu hiyo yageuza kila kitu. Bila fremu, hadithi yafundisha werevu: usimwamini kila rafiki, na ukidanganywa mara moja usidanganywe tena. Ndani ya fremu, yafundisha kwamba uadui wa leo una mizizi katika maisha yaliyopita, kwamba matendo hufuatana na mtendaji, na kwamba yeye aliyeamka amepita katika hatari hizo bila kushindwa nazo. Jina la Cinca nalo si la bure. Katika mapokeo ya Kibudha huyu ndiye mwanamke aliyemshuhudia Budha uongo mbele ya watu, akijifanya kuwa na mimba yake. Mwenye kusikia jina hilo anasikia pia habari ya ushahidi wa uongo. Mwanafunzi anayelisoma andiko hili akaruka mwanzo na mwisho, akachukua kisa cha katikati tu, hakusoma Jataka, amesoma ngano.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo msomaji makini hana budi kuyajua. Jambo la kwanza, Wabudha wa Theravada wenyewe hupambanua kati ya beti na nathari. Beti ndizo zilizomo katika Tipitaka, yaani Vikapu Vitatu vya maandiko yao. Nathari inayozizunguka ni ya kitabu cha ufafanuzi. Mwanafunzi wa Agano la Kale hatashangaa, maana naye hufundishwa kupambanua kati ya Zaburi na anwani iliyoandikwa juu yake. Jambo la pili, beti za Jataka ya 208 hazisimulii hadithi nzima. Ndani yake kima anayakataa matunda ya ng'ambo, anasifu mkuyu wake, na anamwambia mamba kwamba mwili wake ni mkubwa kuliko akili yake. Basi, anayesema kwamba maandiko ya Kibudha yasema hivi au vile, sharti kwanza aseme ni katika tabaka gani la maandiko hayo.

Dosari ya fremu nayo isifichwe. Ufunguo wa Jataka mara kwa mara humweka Devadatta mahali pa mwovu, na msomaji huhisi kwamba jibu lilijulikana kabla ya swali. Hilo ni udhaifu wa kifasihi. Lakini sisi tunaohubiri kila Jumapili, na ambao mara nyingi jibu letu hujulikana kabla somo halijasomwa, tuuseme udhaifu huo kwa upole.

4. Je, Bodhisatta alisema uongo?

Hapa yazuka swali ambalo mhubiri mwenye haraka hulifurahia. Wabudha hushika maagizo matano, na la nne lakataza kusema uongo. Kima alisema kwamba moyo wake umetundikwa mtini, na haukuwako huko. Je, Budha alikuwa mwongo katika maisha yake ya kale? Mtu anaweza kulitumia swali hili kama rungu, akapiga, akapigiwa makofi na wasikilizaji.

Lakini swali hilo liko wazi ndani ya maandiko ya Kibudha yenyewe. Jataka ya 431 yasema kwa maana hii, kwamba Bodhisatta katika safari yake ndefu aweza kuanguka katika makosa mengine, hata makubwa, lakini uongo wa kudanganya hausemi. Jataka ya 208 na Jataka ya 431 zimesimama katika mkusanyo mmoja, na msomaji ameachiwa kazi ya kuzilinganisha. Mmoja aweza kusema kwamba kima aliyaokoa maisha yake na pia alimwokoa mamba asitende uuaji. Mwingine aweza kusema kwamba hadithi ya kale ya wanyama iliingizwa katika mkusanyo kabla fundisho halijanyooshwa. Kila jawabu lina uzito wake, na kila moja lahitaji kusoma zaidi ya ukurasa mmoja.

Sisi tunaijua kazi hii. Ibrahimu alisema kwamba Sara ni dada yake. Wakunga wa Kiebrania walimpa Farao jawabu ambalo wafafanuzi hawajaacha kulijadili. Rahabu aliwaficha wapelelezi na kuwapeleka waliowafuatia njia isiyo yao, naye Waraka kwa Waebrania wamtaja katika orodha ya wenye imani. Hakuna mchungaji wa KKKT ambaye angemruhusu mtu wa dini nyingine aichukue sura moja ya Mwanzo, asome nusu yake, kisha atangaze kwamba Biblia yafundisha uongo. Angemwambia: soma yote, soma pamoja na sura nyingine, uliza jinsi Kanisa linavyoisoma. Tunachokidai kwa ajili ya Mwanzo 12 ndicho tunachowiwa kuipa Jataka ya 208.

5. Sungura wawili

Kosa la pili la mhubiri ni la hila zaidi, kwa kuwa lafanana na Injili. Atasema: Tazameni, kima wa Kibudha alisema moyo wake umebaki mtini ili ajiokoe mwenyewe, lakini Kristo aliutoa moyo wake mtini ili atuokoe sisi. Maneno ni mazuri, nasi twakiri kwamba nusu yake ya pili ni kweli. Nusu ya kwanza ndiyo yenye matata.

Ndani ya mkusanyo ule ule imo Jataka ya 316, ya sungura. Katika Nachingwea na Ruangwa, kama ilivyo mahali pengi pa Afrika Mashariki, sungura wa ngano ni mjanja. Ndiye aliyemrubuni punda wa dobi na kuula moyo wake. Sungura wa Jataka ya 316 si huyo. Anaishi na wenzake watatu, kima, mbweha na fisi-maji, naye anawafundisha kutoa sadaka. Mfalme wa miungu anakuja kuwajaribu akiwa katika sura ya Mbrahmani mwenye njaa. Wale wenzake wana chakula cha kutoa. Sungura hana kitu ila majani, ambayo mtu hawezi kuyala. Basi anaomba moto uwashwe, anajikung'uta mara tatu ili wadudu walio katika manyoya yake wasife pamoja naye, kisha anajitupa motoni awe nyama ya mgeni. Moto haumchomi, na mfalme wa miungu anaichora sura ya sungura juu ya mwezi ili wema wake ukumbukwe.

Mhubiri anayemweka kima wa Kibudha karibu na msalaba na kumwacha sungura gizani amechagua kilicho kidogo kwao na kilicho kikuu kwetu. Krister Stendahl, mwanazuoni wa Agano Jipya na askofu wa Kilutheri wa Stockholm, alitoa mwaka 1985 kanuni tatu ambazo zafaa kuandikwa mlangoni mwa kila darasa la dini. Kwa maneno yetu ni hizi: ukitaka kuifahamu dini, waulize wanaoishika, si adui zao, usilinganishe yaliyo bora ya kwako na yaliyo mabaya ya wengine, na acha nafasi ya kuvutiwa kitakatifu na jambo jema ulionalo kwa mwenzako.

Je, tukifuata kanuni hizo tofauti itatoweka? La hasha. Itaonekana vema zaidi, kwa sababu itakuwa mahali pake pa kweli. Tofauti kati ya Jataka na Injili haiko katika kusema kwamba wao hawajui kujitoa nasi twajua. Sungura anajitoa kabisa. Tofauti iko katika kazi ya tendo hilo. Sadaka ya sungura ni ukamilifu wa utoaji, mojawapo ya fadhila kumi ambazo Bodhisatta huzikamilisha katika maisha mengi mpaka afikie kuamka. Tendo lake lamjenga yeye mtendaji, na kwa wasikiao ni mfano wa kufuata. Msalaba, kama Paulo auelezavyo kwa Warumi na kama Luther alivyouelewa, ni tendo lililofanywa kwa ajili ya wasioweza kuikamilisha fadhila hata moja, nao wanahesabiwa haki bure. Tena moto haukumchoma sungura. Misumari ilimchoma Yesu, naye akafa. Tofauti hii ni kubwa kuliko ile ya kima, na yatudai kufikiri zaidi. Aliyeishia kwa kima hakuifikia.

6. Mafunzo kutoka historia

Kanisa limewahi kukutana na Budha bila kumjua. Katika karne za kati Wakristo wa mashariki na magharibi walimheshimu mtakatifu Yosafati, mwana wa mfalme aliyefichwa asione magonjwa, uzee na kifo, akaviona, akauacha ufalme. Jina lake, baada ya kupita katika Kiarabu, Kijojia na Kiyunani, latokana na neno Bodhisattva, na sehemu kubwa ya habari zake ni maisha ya Budha yaliyovikwa kanzu ya Kikristo. Tangu karne ya 19 wataalamu wamelikiri hilo waziwazi.

Sisi Walutheri tuna mfano wetu wenyewe. Bartholomäus Ziegenbalg alifika Tranquebar, kusini ya India, mwaka 1706. Alijifunza Kitamil, akakusanya vitabu vya wenyeji, akawauliza wenye vitabu maana yake, na mwaka 1713 akamaliza kitabu juu ya miungu ya nchi ile. Huko Halle, August Hermann Francke alikataa kukichapisha, kwa hoja kwamba wamisionari walitumwa kuung'oa upagani, si kuueneza Ulaya. Kitabu kilichapishwa mwaka 1867, zaidi ya miaka 150 baadaye. Francke alikuwa mcha Mungu na mtu wa matendo mengi mema. Lakini katika neno hili aliogopa kujua, na hofu yake ikawanyima wanafunzi wa vizazi vingi kitabu cha shahidi aliyesikia kwa masikio yake.

Mfano wa tatu ni wa Lindi yenyewe. Mwaka 1908 ilienea huko barua iliyosemekana kutoka Makka, yenye maonyo juu ya mwisho wa dunia na wito wa kurudi katika sala. Watawala wa Kijerumani, ambao vita ya Maji Maji ilikuwa bado mbichi kwao, waliisoma kama mwito wa uasi. Lakini barua za namna hiyo, zenye ndoto ya mlinzi wa kaburi la Mtume, zilijulikana katika nchi nyingi za Kiislamu na zilinakiliwa mara kwa mara. Ilikuwa aina ya maandiko yenye desturi zake, na aliyeisoma bila kuzijua desturi hizo alisoma hofu yake mwenyewe.

Hofu hiyo haikufa na ukoloni. Katika miaka ya 1980 na 1990 mihadhara ilienea nchini. Wahubiri wa Kiislamu walisimama mbele ya umati na Biblia mkononi wakionyesha makosa yake, na wahubiri wa Kikristo wakaifanyia Kurani vivyo hivyo. Kila upande ulisoma aya za mwenzake kama mwindaji asomavyo nyayo, ili kuua. Umati ulicheka, na watu wa ukoo mmoja walirudi nyumbani wakiwa wamenuniana.

Katika Katekisimo Ndogo Luther aifafanua Amri ya Nane hivi kwa maana: tusimsingizie jirani wala kumharibia jina, bali tumtetee, tumseme vema, na kulichukulia kila neno lake kwa upande ulio mwema. Huwa tunaifundisha amri hii kwa wanakipaimara kuhusu masengenyo ya mtaani. Twasema kwamba inahusu pia vitabu. Kulitolea andiko la jirani maana ambayo jirani mwenyewe hakuikiri ni ushahidi wa uongo, hata kama umetolewa mimbarani na kwa nia ya kumtukuza Kristo. Kristo ni Kweli. Hahitaji kutetewa kwa uongo.

7. Hitimisho

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu kwa vyuo vyetu na kwa watumishi walio katika sharika.

Kwanza, andiko la dini nyingine lisomwe zima, pamoja na fremu yake, kabla halijahukumiwa. Mwalimu apewaye vipindi viwili vya Ubudha afadhali asome na wanafunzi Jataka moja tangu mwanzo hadi ufunguo, kuliko kuwaandikia ubaoni muhtasari wa mafundisho yote ambao hawatakumbuka hata nusu yake.

Pili, wenye andiko waulizwe. Dar es Salaam lipo hekalu la Kibudha, ambalo asili yake ni jumuiya ya Wasinhala waliofika mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka. Mapokeo yao ndiyo yaliyohifadhi Jataka tulizozisoma hapa. Mwanafunzi atokaye Ruangwa kwenda chuoni aweza kumwuliza mtawa swali moja la kweli juu ya kima na uongo wake, na jawabu lake litampa zaidi ya kurasa nyingi zilizoandikwa na wasiopata kuuliza.

Tatu, tofauti isemwe, na isemwe mwisho, baada ya kusikia. Hatuwaiti watumishi kuufunika msalaba kwa adabu. Twawaita wauhubiri karibu na sungura aliyejitupa motoni, mahali ambapo ni vigumu zaidi kuuhubiri, na ambapo msikilizaji mwenye akili ataona kwamba hakudanganywa.

Hadithi ambayo Steere aliichapisha miaka sita kabla ya safari ya Masasi yasema kwamba punda wa dobi alirudi kwa simba kwa sababu hakuwa na moyo wala masikio. Musa na manabii walisema neno karibu na hilo juu ya watu wa Mungu. Punda hakukosa habari. Alikwisha kurukiwa mara moja, na alama za kucha alikuwa nazo. Alisikia tu lile lililompendeza. Mhubiri anayefungua kitabu cha jirani yake akitafuta tu lile litakaloupendeza umati wake yumo katika njia ile ile, na watu wa Nachingwea na Ruangwa, ambao kesho watazika pamoja na kuvuna pamoja, ndio watakaolipa gharama.